Wifi, Tezi Siyo ya Wanaume Peke Yao

Wifi yangu Ghati,

Habari za huko uliko. Sisi huku Nyamwaga tupo, mahindi mwaka huu yamekubali, na mdomo wangu bado haujapata dawa. Cheka basi kidogo, ndiyo nianze.

Unakumbuka enzi zile dhahabu imepamba moto, watu wanamiminika kutoka kila upande, mimi na wewe tunaosha mchanga kwenye karasha, pale wanaposaga mawe? Karai moja, tunasengenya dunia nzima. Siku moja ukaacha kuosha, ukachukua mkono wangu ukauweka kifuani kwako. "Wifi, sikia." Mama yangu! Moyo unakimbia kama wa mbuzi aliyeona kisu, na wewe umekaa tu, hujabeba hata ndoo. Vidole vinatetemeka. Nikakwambia, "We mwanamke, una bwana Sirari!" Tukacheka mpaka maji yakamwagika.

Ukaenda hospitali, ukarudi ukaniambia mimi peke yangu: "Wamesema ni tezi, imezidi kidogo."

Nikaangua kicheko. "Tezi? Si ya wazee wa kiume, wale wanaoshindwa kukojoa? Kumbe kaka yangu ameoa mzee mwenzake!"

Laiti ningeishia hapo. Jioni wanawake wote wa karasha walishajua, na chumvi nikaongeza: anayedanganya ugonjwa ana jambo, mikono haitetemeki bure, labda kuna kitu kafunga kwenye khanga. Nilisema utani, wifi. Wao wakasikia mwizi. Mwenye karasha akakukagua mbele za watu, hakukuta kitu, na bado akakufukuza. Hukunigombeza. Kesho yake ukavuka mpaka pale Sirari, ukaingia Kenya.

Juzi nimempeleka mama kliniki, nikamuuliza daktari, maana hunitoki kichwani. Akanigusa hapa chini ya koo. "Tezi hii kila mtu anayo, hata wewe mama." Eti ikizidisha kazi hata kidogo, shingo isivimbe, mtu aonekane mzima kabisa, ile mishipa ya fahamu inayoongoza moyo inakosa mizani: wa kuukimbiza unapata nguvu, wa kuutuliza unalegea. Ndiyo maana umekaa na moyo unakimbia. Nikauliza, asipotibiwa je? Akasema wengine inatulia yenyewe, wengine moyo unakuja kuharibika. Huwezi kujua mpaka apimwe.

Sasa nakupimaje mimi? Simu yako haiiti. Kaka amevuka mara mbili kukutafuta, amerudi mikono mitupu, na mimi hanisemeshi. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kusema ukweli. Wananicheka: "Leo umetuletea umbea gani tena?" Uongo wangu waliumeza siku ileile. Ukweli wanautema.

Sikuombi urudi. Huko huko uliko, nenda wakupime damu. Ukishapona, nichukie kwa nguvu zako zote.

Ni mimi wifi yako, dada wa mumeo.