Msimpigie Kura Mwanangu

Jumanne, 9 Aprili

Russell Stathers, una miaka hamsini na miwili na akili umeisahau kwenye gari lako la mikate! Nimemwambia hivyo hivyo, uso kwa uso, mwiko mkononi. Mwanangu wa kumzaa ameweka jina lake kwenye uchaguzi wa udiwani, hajaniuliza! Nimeliona mlangoni pa maktaba, limebandikwa kwa watu wote kusoma. Nilidhani nimevaa miwani ya jirani yangu Avril.

Anasema, Mama, ni jina tu. Chama chao kidogo kinataka jina katika kila kata ya Hull, ili wasionekane wameogopa. Hakuna atakayempa kura. Diwani Hornsby ana miaka ishirini na kitu pale, hata kwa winchi hatoki.

Basi kalitoe, nikamwambia. Haiwezekani. Siku ya mwisho ya kujitoa ilikuwa Ijumaa.

Na ukishinda? Akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Mimi sicheki. Madiwani wanakutana jioni. Jioni nani atamlaza baba yake?

Jumatano, 10 Aprili

Leo hii jioni nimemtazama Russell. Anaingiza mikono chini ya makwapa ya baba yake, Wilf, anamwambia haya mzee, tucheze dansi, anamnyanyua kitini kama mtoto. Anamwosha, anamnyoa, anamlaza. Wilf alikuwa kuli wa bandarini, mabega kama kabati. Kiharusi kimemwachia mwili wote ule na neno moja tu — ndiyo. Unataka chai? Ndiyo. Imepoa? Ndiyo. Nikuache? Ndiyo.

Yule binti wa ustawi wa jamii alishasema. Siku Russell asipokuwepo jioni, Wilf aende kwenye nyumba ya wazee. Nzuri, ina bustani. Nikamwambia mume wangu si ua.

Mimi siwezi kumnyanyua. Nimeandika. Sitaandika tena.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda kununua chipsi na pati za viazi. Foleni mpaka nje. Nikaona hapa hapa, waambiwe. Nikasema kwa sauti, nyie, sikilizeni, msimpigie kura mwanangu!

Muuza chipsi akauliza, amefanya nini tena, Mama Stathers?

Nikasema hajafanya kitu, ndiyo shida yenyewe! Hajui kusema uongo. Anafagia kichochoro chenu cha nyuma kila Jumapili, chote, mpaka kwa watu wasiomsalimia, na mashati yake hajapiga pasi. Ukimwomba kitu hajui kukataa. Mtu kama huyo mtamla mpaka mifupa. Mwacheni nyumbani.

Mzee mmoja wa nyuma akasema, mama, hotuba kama hii sijaisikia tangu nizaliwe, kura yangu imepatikana. Wakacheka. Wakapiga makofi!

Wapumbavu. Chipsi zenyewe zilikuwa mbichi.

Alhamisi, 18 Aprili

Hornsby mwenyewe kabisha hodi, ua la utepe la chama chake kifuani, kubwa kama sahani. Nikafurahi. Nikamwambia, mheshimiwa, kura yangu ni yako, ushinde, ukae palepale.

Akanitazama kama nimemtukana. Mama, akasema, utani mwingine unaumiza.

Sitanii!

Basi ningenyamaza. Ningefunga mlango, mambo yakaisha. Lakini alikuwa amesimama juu ya ua langu dogo, kalikanyaga, na mdomo huu haujawahi kunisikiliza. Nikamuuliza, taa ya kichochoro imekufa tangu Krismasi, Avril kaanguka akavunjika kifundo cha mkono, wewe ulikuwa wapi? Akasema jambo hilo linashughulikiwa. Linashughulikiwa! Nikamwambia toka kwenye maua yangu.

Avril alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Kufika jioni mtaa mzima unasema Mama Stathers kamfukuza Hornsby kwa ufagio. Ufagio sikuwa nao. Nimemwambia Avril, shoga, mdomo wako utaniua. Akasema, wangu tena?

Jumatatu, 22 Aprili

Mwanamke wa chama cha Russell kaja, Bi Pickering, anaruka kama kapewa zawadi. Kila mlango wanaogonga, watu wanauliza kama huyu ndiye mtoto wa yule mama wa foleni ya chipsi. Anataka nipigwe picha. Nimekataa. Anasema hata huko kukataa kwangu kutawapendeza watu.

Nifanye nini, jamani? Nikisema nampoteza. Nikinyamaza, watasema hata mama yake kakubali.

Ijumaa, 26 Aprili

Russell kapiga pasi shati. Mwenyewe! Halafu akakaa mezani anasoma makaratasi ya mambo ya taa na mabasi, penseli sikioni, anapiga mluzi.

Huo mluzi sijausikia tangu mkewe aondoke.

Nikamuuliza, unautaka huu udiwani? Akasema, Mama, siwezi kushinda. Sikumuuliza kama anaweza, nilimuuliza kama anautaka. Akageuza karatasi. Akasema, taa ile ni simu moja tu, Mama, simu moja, na kwa miaka yote hakuna aliyepiga.

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua. Kafagia kichochoro na mvua hiyo hiyo. Sina la kuandika.

Alhamisi, 2 Mei

Kura ilikuwa ukumbi wa kanisa. Kijana wa mlangoni kaitazama picha ya pasi yangu ya basi, ndiyo kitambulisho nilichonacho, kanitazama mimi, kaitazama tena. Nikamwambia ndiye mimi, nilikuwa nimekasirika siku zote mbili.

Nilikwenda kumpigia Hornsby. Nilikuwa nimeamua kuanzia nyumbani. Nikasimama pale kwenye kijibanda cha mbao, penseli imefungwa kamba kama mbwa. Nikalitafuta jina la Hornsby, nikaliona. Chini yake, STATHERS, Russell Wilfred. Jina la baba yake tulimpa sisi, asubuhi moja ya theluji, Wilf kalia mbele ya wakunga.

Mkono ukaenda wenyewe. Sasa nimefanya. Mama gani angepita jina lile?

Nyumbani Russell kaniuliza, umempa nani? Nikamwambia kura ni siri, fyata mdomo.

Ijumaa, 3 Mei

Wanahesabu leo. Russell kaenda na shati lile. Kabla hajatoka kamweka baba yake kitini, kamfunika magoti, kasema nitarudi kabla ya chai.

Mchana kapiga simu. Sauti imebadilika, kama ya mtoto aliyevunja dirisha. Mama, nimemzidi. Kura chache sana. Hornsby kataka zihesabiwe upya, siwezi kutoka.

Nikasema sawa. Niseme nini kingine? Nilipogeuka, Wilf alikuwa ameteleza. Taratibu, bila kelele, kitini mpaka chini kwenye zulia, mguu umekunjamana. Alikuwa ananitazama.

Nimemvuta. Nimemvuta tena. Nimepiga magoti, nimepita mgongoni, nimemwambia tucheze dansi. Hakusogea hata kidogo. Nikakaa chini kando yake, nikagonga ukuta kwa kiatu mpaka Avril akaja.

Naandika hapa chini, mgongo kwenye kochi, mkono wa Wilf mapajani mwangu. Haumwi, nimemkagua. Avril anasema tumpigie Russell, ni dakika kumi kwa teksi, kura watahesabu wenyewe. Kweli. Na akija sasa atamwona baba yake sakafuni. Namjua. Hatakanyaga tena kule, udiwani atauacha.

Nikamuuliza Wilf, tumwite? Ndiyo.

Tumwache? Ndiyo.

Avril kashaichukua simu, anatafuta miwani yake. Kifundo chake cha mkono bado hakijapona, na mimi nina miaka sabini na tisa.

Avril, weka hiyo simu chini. Njoo huku, shika bega lile, kwa mkono mzima, na usiniambie haiwezekani.