Gari Ndilo Linalomisi

Nida, leo nimeumbuka! Usimwambie mtu.

Fundi Zubery kanipigia kuhusu gari langu, mtandao unakatakata. Nikasikia tu, "…misi sana, tangu asubuhi."

Nami kwa sauti ya kubembeleza: "Hata mimi nimekumisi, Zubery."

NIMEKUMISI! Na simu kaiweka spika!

Gereji nzima ikaangua kicheko. Akasema, "Dada, nasema gari ndilo linalomisi, injini inakwamakwama. Nozeli zimeziba, mafuta hayapiti sawasawa."

Sasa nimetoka kulichukua. Aliyenipa funguo ni mkewe. Sikujua ana mke, Nida, wallahi! Kanitazama juu mpaka chini, mafundi wote wametega masikio:

"Nozeli zimesafishwa, bibie. Hapa hakuna kinachomisi tena. Wala anayekumisi."