Amani Mara Nne Njia ya Morningside

Yasmin upo? Nimeharibu. Yaani nimeharibu vibaya, shoga yangu.

Yule Mholanzi niliyekwambia, mgeni wangu wa kwanza tangu watalii wapotee kwa zile vurugu, leo asubuhi nimempandisha mlimani Morningside.

Sasa jana nilipita njia nzima nikiwaomba watu wa kule juu: mkimwona, mwambieni kwa Kiingereza, "Hapa kuna amani, karibu sana." Nikawafundisha mpaka wakashika. Nia yangu asiogope tu!

Muuza stroberi akaanza: "Hapa kuna amani, karibu sana." Mgeni akatabasamu.

Mama wa ndizi, mzigo kichwani, hata salamu hajatoa: "Hapa kuna amani, karibu sana."

Fundi cherehani vilevile. Neno kwa neno, Yasmin! Jasho likanitoka.

Wa nne Mzee Salehe. Nikamrukia na shikamoo kwa sauti kubwa ili nimzuie. Wapi! Kaitikia marahaba, kavua kofia, kasimama wima kama yuko gwaride: "Hapa kuna amani..."

Mholanzi akasimama. Tabasamu lote limekwisha. Akaniuliza taratibu, "Kwani hapa kulitokea nini?"

Alikuwa hajui. HAJUI KITU! Mtu kaja zake kutazama vinyonga!

Tumerudi gesti, kajifungia chumbani na simu yake. Nimesimama mlangoni na chai yake inapoa. Nimegonga. Nikatafuta neno la kumtuliza, Kiingereza chote kikanikimbia.

Unajua limenitoka lipi?

"Hapa kuna amani, karibu sana."