Dawa ya Homa na Vile Vidonge Vyako

Wangare, nimeenda Gilgil kumwona shosho, nyanya yako, nitarudi kesho. Uji iko kwa thamosi. Ile dawa ya homa niliyokupa jana, meza tena ukishakula. Na kuku usisahau.

Asubuhi nikitafuta kitambaa cha pua kwa mkoba wako, nimepata vidonge vya kupanga uzazi. ~~Si ungeniambia? Kwani mimi ni polisi?~~ Wacha tu, wewe ni mtu mzima. Lakini nilishtuka: na kama dawa yangu imeharibu hizo zako? Nikakimbia kwa Tanveer, yule mfanyakazi mgeni wa kemisti, nikamuuliza kama zinagongana. Amesema hii ya homa haina shida na hizo, ila ukitapika urudi umuulize.

"Ni zako, mama?"

Nikasema ni zangu. Ulitaka nikutaje? Basi nikitoka akaniambia, "Salimia mzee."

Tangu tuzike baba yako, hakuna mtu amenipa salamu za kumpelekea. Nikajibu zitafika. Nimetembea nazo mpaka hapa nyumbani, nikakuta bado umelala, nikakosa wa kumpa.

Mama yako