Makala Yetu Mbele ya Kibuyu

Kibimba, Ngara

Mwanangu Adela,

U mzima, mama? Naungama nikiwa bado na pumzi: sipo Biharamulo kwa shangazi yako. Nimekuja na Masanja, mtaalamu wa udongo, kwa Mama Leokadia, mzee wa ukoo ulionisimulia habari za migomba. Jarida limekubali makala yetu ya migomba, ila bila ridhaa yake simulizi za ukoo wake zitaondolewa, na historia niliyoiandika itabaki mifupa. Tukamsomea yote, tukampa kibuyu cha pombe ya ndizi, kama waombaji.

Akauliza, "Nani ameyapima haya maneno?"

"Wasomi wanaolikagulia jarida, mama," nikamjibu. "Majina yao hufichwa."

"Wanaficha sura? Hapa anayeleta pombe huonja kwanza, tumwone! Haya walimu, onjeni."

Masanja ni Msabato, pombe kwake ni mwiko. Akanitazama mimi, mgonjwa wa moyo! Nikavuta mrija, Adela, tena kwa nguvu. Tamu! Mama Leokadia akacheka hadi akashika mbavu, naye akavuta.

"Sasa chapeni. Na jina la mama yangu liandikwe lote."

Makala yakitoka nami nimeshalala kaburini, wasomee wajukuu kwa sauti. Sijafurahi hivi tangu nikuzae. Mungu akutunze, kipenzi changu.

Mama yako