Kukaa Chini

Mji wa Kale, Mombasa
Ijumaa, 14 Februari 2025

Kwa Dada Najla,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kifua chako kimepata nafuu tangu baridi ya Maskati ipungue. Sisi tungali hai. Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti kwenye simu. Sauti ningeikatiza njiani, na wewe huzisikiliza mbele za watu. Haya nataka uyasome peke yako.

Nianze na hali ya Mama. Nyonga yake mpya imechomoka mara tatu tangu Desemba. Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu ya wiki jana, akijigeuza kitandani tu. Daktari Caroline aliirudisha, lakini amesema misuli imelegea na haitaishika tena, na moyo wa Mama hauwezi kuhimili upasuaji mwingine. Atabaki kulala na mto katikati ya miguu. Nilimuuliza kwa muda gani. Akasema tusihesabu muda.

Unakumbuka alivyokuwa kabla. Miaka miwili akiswali kitini, na kiti hicho akienda nacho hata kwenye khitma. Nyevu, anayetusaidia nyumbani, alikibeba kichwani, Mama akimfuata na mkongojo. Wenzake wakimtania kwamba amekuwa Bwana Shauri wa enzi za Mwingereza, wao raia wako mkekani, yeye yuko juu peke yake. Mama akiwajibu kwamba basi wasimame wampigie saluti. Wote wakicheka. Akirudi nyumbani alikigeuza kile kiti kikatazama ukutani.

Alikubali kupasuliwa kwa jambo moja tu: Ramadhani hii aweke paji la uso chini, msikitini, safu moja na wenzake.

Mwezi wa Oktoba tulipokwenda kwa daktari, aliweka nyonga mbili mezani. Niliziandika kwenye daftari kama ninavyoandika habari yoyote, na hapa nanakili. Ya kwanza ni kichwa kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Hudumu miaka mingi, na ilikuwepo stoo. Mama angepasuliwa Jumanne iliyofuata. Ila mwenye nayo asijikunje mno. Ya pili ni kichwa kidogo ndani ya mpira mkubwa wa plastiki, na mpira huo nao huzunguka ndani ya kikombe chake. Ni vigumu zaidi kuchomoka, na daktari humwekea mtu anayeinama sana. Ingeagizwa Nairobi, wiki sita. Mama aliushika mpira huo, akaugeuzageuza, akasema ni kama jicho la samaki changu.

Daktari alimuuliza anataka nyonga imfanyie nini. Mama akajibu kwamba hataki makuu, anataka kukaa chini tu. Daktari alifurahi, akamshika mkono, akamwambia kukaa chini ni jambo dogo, ya kwanza inamtosha kabisa. Mamake mwenyewe huko Kakamega anayo, na kutwa anakaa chini na kuinuka kuliko wajukuu.

Wewe umeshaelewa. Daktari ni mtu wa bara. Kwao ukimwambia mgeni akae chini, umemkaribisha kiti. Sisi mgeni tunamwambia akae kitako. Chini ni chini, sakafuni. Mama aliondoka pale akijua ameahidiwa mkeka. Daktari alimwahidi kiti.

Karatasi ya masharti ya kutoinama tulipewa. Mama aliisikiliza yote, akaamua ni masharti ya arubaini, kama ya mzazi. Akayashika bila kosa hata moja. Tarehe 2 Desemba, siku ya arubaini na moja, alitandaza msala wakati wa adhuhuri, akarukuu, akasujudu. Nyevu alisikia mlio akadhani ni komeo la dirisha. Nilipoingia, Mama alikuwa bado paji liko chini, anamwashiria Nyevu kwa mkono asimguse kwanza, hajamaliza.

Tangu siku hiyo anasema sijida yake imerudishwa, Mungu hakuipokea. Hamlaumu daktari. Anatafuta dhambi. Amewaita wote aliowahi kugombana nao awaombe radhi, hata yule jirani wa maji ya paa, mwaka wa tisini na moja. Walipokwisha watu, akaanza kuwauliza watoto wa waliokufa kama aliwakosea wazazi wao.

Dada, mimi nilikuwepo. Miaka ishirini na sita kazi yangu ni kusikiliza maneno ya watu, na neno lile halikunipita. Nilijua pale pale kwamba kila mmoja amesikia lake. Nilijua pia kwamba nikifungua kinywa itakuwa nyonga ya pili, wiki sita. Wiki sita za kumwinua chooni, kumkogesha, kumshusha ngazi zile huku akipiga kelele. Nilikuwa nimechoka. Nikafunga daftari. Jumanne nikatia sahihi.

Sijamwambia. Mara mbili nimefika kitandani na maneno tayari. Mara zote mbili alinishika mkono akaanza kuniombea dua kwa jinsi ninavyomtazama na kumuuguza. Sijida yake hakuirudisha Mungu. Niliirudisha mimi, na yeye anaendelea kumuuliza Mungu.

Ukimaliza kusoma, nipigie mimi kwanza, usimpigie yeye. Ukisema nimwambie, nitamwambia. Mwenyewe nimeshindwa.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu. Nyevu anakusalimu. Mama ameniona naandika akaniuliza namwandikia nani, nikamwambia. Anakusalimu sana. Amesema nikuandikie kwamba yeye ndiye aliyekaa vibaya, asilaumiwe mtu, na kwamba umwombee kosa lake lijulikane apate kulitubia. Nimeandika kama alivyosema.

Wasalaam,
nduguyo,
Amatullah