Kompyuta Inayoniita Lehema

Nyamirambo, Kigali, Jumanne, Aprili 1989

Mvua tangu daku. Nimefunga, nimechoka, na leo nimelia mbele ya mafundi wangu wa cherehani. Basi, aibu imeshanipata.

Kompyuta kuu ya karakana imegoma tena asubuhi. Vipimo vyote vya wateja wetu vimo humo, mabega, viuno, urefu wa kanzu, na duka letu la Remera linategemea hiyo hiyo. Idi ndiyo hii inakuja. Ikifa sasa, tutaanza kumpima nani, tumwache nani?

Mbelgiji anayeitengeneza amesema wazi: mfumo unaoiendesha umezeeka, hakuna tena anayeushughulikia. Anao mpya. Yuko Kigali mpaka kesho, baada ya hapo tusimtafute.

Mtu mwenye akili angekubali papo hapo. Mimi nimemwambia angoje.

Ni kwa sababu ya Hamadi, mdogo wangu. Malaria ilimchukua mwaka jana, na bado sijazoea. Yeye ndiye aliyeifundisha mashine hii kwamba kwetu R na L ni kitu kimoja. Mteja anajiita Lukia, kitambulisho kimeandikwa Rukia, msichana wa dukani anaandika anavyosikia, na mashine inampata tu. Kazi hiyo Hamadi aliitia ndani kabisa ya mfumo wa zamani. Haihamishiki. Nimeuliza na kuuliza, Mbelgiji anatikisa kichwa. Kwake yeye, Lukia na Rukia ni watu wawili.

Halafu kuna jambo jingine, ambalo sikumwambia.

Kila ikiwaka, inaandika maneno aliyoyatia Hamadi humo humo kwenye mfumo wa zamani: "Lehema, amka, kazi!" Jina langu Rehema. Hamadi alinitania hivyo tangu utotoni, maana nilikuwa nashindwa kulitamka jina langu mwenyewe.

Baba huja kila asubuhi kuyasoma maneno hayo. Akishasoma, anakwenda kukaa kwenye cherehani yake.

Leo nimemweleza yote. Akasema, "Mwanangu, watu wavae nguo Idi. Mwambie aje." Akainamia cherehani yake. Ya Rabi, afadhali angenikataza!

Nimeshatuma neno, Mbelgiji anakuja asubuhi. Wateja tutawaingiza upya mara mbili mbili, kwa R na kwa L, hata mikono itufe ganzi. Hilo nitaliweza.

Lakini keshokutwa mashine itawaka, na Baba atakuja kusimama mbele yake. Nitamwambia nini? Na mimi, nani ataniita Lehema?